Yowe la Saa Tisa

Siku ya kwanza ziwani nilimtukana mwanamke nisiyemjua kwa sababu alikuwa anafua.

Alikuwa ameinama kwenye jiwe pana, hatua chache kutoka mlango wa nyumba niliyofikia, akiinua shuka lililolowa na kulibamiza jiweni. Pa. Analigeuza, analibamiza tena. Pa. Mimi nilikuwa ndani natoa nguo kwenye begi. Nilitoka mbio, kichwa wazi, nikamwambia aache mara moja, na maneno mengine niliyoyaongeza sitayaandika. Aliniangalia bila haraka, shuka linachuruzika maji mkononi mwake.

"Mama, hili ni ziwa," akasema. "Watu wanafulia hapa tangu sijazaliwa."

Akaendelea kufua. Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni na hasira ambayo sikujua ni ya nani.

Nilikuwa nimepelekwa huko kupumzika. Ndivyo mume wangu alivyoliita jambo lile. Mdogo wangu ameolewa na mtu wa Kigoma, wana nyumba ya vyumba viwili kando ya Ziwa Tanganyika, na wakati huo alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua. Nyumba ilikuwa tupu. Mume wangu alinipandisha basi Kibondo asubuhi, akaninunulia maji na biskuti, akaniambia nikae wiki mbili, nitulie, nisipigepige simu. Mume wangu ni mpole, na upole wake huwa unaniudhi. Kwa kweli sikuwa napumzika. Nilikuwa nimefichwa.

Wiki tatu kabla ya hapo, nyuma ya nyumba yangu, mwanaume mmoja alipigwa mpaka uso wake ukapoteza umbo. Waliompiga ni majirani zangu, watu wazuri, ambao baadhi yao niliwafundisha kusoma. Aliyewaita ni mimi.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu maisha yangu yote. Nilizaliwa Makere, upande wa Kasulu, nikaolewa Kibondo, na nyumba yetu ipo njia ya kwenda Mabamba, mahali ambapo ukipanda kilima unaiona Burundi bila kukaza macho. Nimestaafu, nalima maharage na muhogo. Sauti yangu haijastaafu. Kwa miaka mingi iliita shule nzima mstarini bila kengele, na hata sasa nikimwita mbuzi wangu, mbuzi wa bonde la pili wanainua vichwa. Majirani wananitania kwa hilo. Siku ile hawakunitania.

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu wa mbali hatanielewa. Kwetu mtu haingii kwenye uwanja wa mwenzake kama mbuzi. Anasimama kando, pale migomba inapoishia, anapiga makofi. Viganja anavikunja kidogo, anavikutanisha polepole, mara tatu. Kisha anangoja. Mwenye nyumba akisikia, anajibu kwa makofi yake, na hapo ndipo salamu zinapoanza, na salamu za Waha si za kumaliza umesimama mguu mmoja. Mtoto wa miaka minne analijua hilo. Anayeingia bila makofi ana lake moyoni, na anayesikia makofi asiyajibu hana adabu.

Hilo la pili nilifundishwa kwa mwiko. Nilikuwa na miaka saba hivi, nipo juu ya mpera nyuma ya jiko la mama, mdomo umejaa. Akaja mgeni, bibi mmoja mzee mwenye kikapu, akapiga makofi. Nilimwona vizuri. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kushuka. Akapiga tena, akangoja, akageuka akaenda zake. Mama alikuwa mtoni, akakutana naye njiani. Alirudi, akaniteremsha kwa mguu, akanipiga kwa mwiko wa ugali mpaka mwiko ukapasuka, kisha akamalizia na kipande kilichobaki. "Mtu anakusalimu, unamwacha amesimama!" Alikuwa akisema hivyo kwa kila pigo. Nilikojoa. Kesho yake nilitembezwa mpaka kwa yule bibi, nikapiga magoti, nikamjibu makofi yake ya jana.

Sasa nirudi siku yenyewe. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, mume wangu amekwenda mnadani. Nilikuwa peke yangu uwanjani, nimekaa kwenye kigoda, namenya muhogo wa kuvundika. Nikasikia sauti nyuma ya migomba.

Pa. Pa. Pa.

Sauti hiyo haikuwa ya makofi. Makofi ya viganja viwili yana uwazi ndani yake, unasikia hewa ikitoka. Hii ilikuwa bapa, nzito, ya kitu kilichopigwa kwenye mguu. Niligeuza shingo. Kati ya migomba alisimama mwanaume mwembamba nisiyemjua, amevaa koti refu katika joto lile. Mkono wake wa kulia ulikuwa pajani. Wa kushoto haukuonekana, ulikuwa ndani ya koti.

Nilikaa kimya. Akasogea hatua moja.

Nitaeleza kilichonipata, ingawa najua mtu anaweza kusema natafuta pa kujificha. Kuna miaka ambayo mabasi kati ya Kibondo na Kasulu yalikuwa yanakwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa ajili ya majambazi wa porini. Siku moja basi letu lilipata pancha, msafara ukatuacha. Tulipofika msituni tukakuta gogo limelazwa barabarani. Wakatoka watu watano. Mmoja wao alizunguka basi lote akipiga bodi kwa ubapa wa panga, polepole, pa, pa, pa, kama fundi anayekagua. Wakatushusha, wakatulaza kifudifudi kwenye majani. Yule mwenye panga akawa anatembea katikati yetu, sasa anajipiga nalo pajani kwa ubapa, pa, pa, pa, akichagua. Kando yangu alilala mchuuzi wa sabuni, ambaye alikuwa amenichekesha njia nzima kwa hadithi za mama mkwe wake. Aliinua kichwa kusema kitu. Panga lilishuka shingoni. Damu yake iliniingia sikioni, ya moto, ikaziba, nikawa nasikia upande mmoja tu. Pete yangu ya ndoa ilikataa kutoka, wakanikata begani ili niharakishe. Pete ilitoka.

Kovu lipo begani, linawasha mvua ikikaribia. Sauti ile pia ipo. Kwa hiyo niliposikia pa tatu nyuma ya migomba, na nikaona mkono umefichwa kwenye koti, sikufikiri hata kidogo. Niliweka viganja mdomoni nikapiga yowe.

Yowe letu, induru, si kelele za kuogopa. Ni wito. Linapanda, linakatwakatwa kwa kiganja, na kila anayelisikia ana wajibu wa kuacha alichoshika na kuja na chochote chenye ncha. Yule mwanaume alifungua mdomo. Alisema, "Mama—" na sikumwacha amalize. Nilipiga la pili, refu zaidi. Akaogopa, akakimbia.

Angesimama, nilijiambia baadaye, mara nyingi. Asiye na hatia anakimbilia nini? Sasa naona upumbavu wa swali hilo. Watu walikuwa wanatokea kwenye maharage pande zote wakiwa na majembe na mapanga. Mimi pia ningekimbia.

Walimpata kwenye mtaro, pembeni ya shamba langu la muhogo. Wa kwanza kufika alikuwa mwenyekiti wetu wa kitongoji, mtu mwenye kisukari, ambaye siku zote hulalamika miguu, na siku ile alikimbia kuliko vijana. Alimpiga kwa mpini wa jembe kwenye magoti. Mtu alianguka. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Mpini, jiwe, kiatu, jiwe. Mwanamke mmoja, mama wa kwaya, alimpiga usoni kwa chupa ya chai mpaka chupa ikavunjika ndani ikawa inacheza njuganjuga. Nilisikia mfupa wa taya ukivunjika. Unasikika, kwa wasiojua. Alikuwa akijikinga kwa mkono mmoja, na nikawaza: ona, mpaka sasa hataki kuachia alichokishika.

Nilikuwa nimepanda juu ya kinu nilichokipindua ili nione vizuri. Nami nilipiga kelele. Nilisema, "Mpigeni! Msimwache!" Nimeiandika sentensi hii mara mbili nikaifuta. Sasa naiacha.

Koti lilipochanika tuliona. Mkono wa kushoto wa koti ulikuwa mtupu, umekunjwa na kubanwa kwa pini ndani. Hakukuwa na panga. Hakukuwa hata na mkono.

Ungedhani tungenyamaza hapo. Kisha mtu akasema, "Amekatwa kwa wizi huyo, huko alikotoka," na wakaongeza mateke mengine, safari hii bila nguvu, watu waliochoka wanaomaliza kazi. Mgambo akaja na pikipiki. Walimpakia katikati ya watu wawili, miguu inaburuzika, wakaenda naye hospitali Kibondo.

Watu walipotawanyika nilikwenda nyuma ya migomba. Pale aliposimama palikuwa na chupa ya plastiki ya maji, ya lita moja na nusu, imefungwa kamba ya katani ya kuning'iniza begani. Ilikuwa tupu, kavu kabisa, na kifuniko chake kilikuwa chini kando yake. Alikuwa ameshaifungua. Niliiokota, nikaificha ndani ya kanga, na sikumwambia mtu.

Polisi walikuja, wakauliza nani alipiga yowe. Kitongoji kizima kilisema kilisikia tu. Jioni mwenyekiti alikuja nyumbani, akapiga makofi yake vizuri, tukamjibu, akakaa.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ulikuwa ndani. Yowe ni yowe. Nani ataapa kwamba ni lako?"

"Kila mtu anaijua sauti yangu."

"Nakuuliza kitu kimoja. Alipiga makofi?"

"Hakupiga."

"Basi."

Mume wangu akaitikia, "Basi." Nami nikalishika hilo neno kwa mikono miwili. Hakupiga makofi. Ni kweli, hakuwa na mikono miwili ya kupigia, masikini, lakini mimi ningejuaje? Angeweza kuita. Angeweza kukohoa. Nilijitetea hivyo nikiosha vyombo, nikipalilia, nikisali. Mtu aliyesimama nyuma ya migomba bila salamu amejitakia. Na hilo ndilo nililobeba mpaka ziwani, pamoja na chupa, niliyoiweka dirishani bila kujua nimeileta ya nini.

Mimi ni mtu wa milimani, maji mengi siyapendi. Asubuhi ziwa lilikuwa limelala, nikalichukia kwa kulala kwake. Mchana upepo ulianza, na kuanzia saa nane mawimbi yakawa yanapiga mawe mbele ya nyumba bila kupumzika. Ikifika saa tisa nilikuwa siwezi kukaa ndani. Siku ya tatu niliingia majini na gauni langu, mpaka kiunoni. Wimbi likanibeba likanitupa kwenye mawe, nikapasuka goti na kiwiko. Nikasimama. Jingine likaniangusha. Nilipata raha, nasema kweli, nilitaka linipige zaidi. Niliyaambia yale maji maneno niliyomwambia mama yangu kimoyomoyo siku ya mwiko: endelea, malizia. Nilitoka nikiwa natapika.

Kesho yake nilitembea ufukweni nikajaribu kufikiri kwa utulivu, maana ndicho nilichotumwa kufanya. Nilihesabu niliowapiga. Nimepiga watoto, wengi, kwa fimbo walizozikata wenyewe, na ole wake aliyeleta nyembamba. Niliwapiga kwa kuchelewa wakati nyumbani kwao kulikuwa mbali, kwa kusinzia wakati walikuwa hawajala. Niliamini namjenga mtu. Nimempiga mume wangu mara moja, kwa sufuria, naye akaweka barafu akaenda kuchunga. Niligundua, nikiwa nimekaa kwenye mtumbwi mbovu uliopinduliwa, kwamba maisha yangu yote nimekuwa naogopa mtu mwenye panga, na katika maisha hayo hayo watu wengi wameniogopa mimi. Nililia kwa hilo, kisha nikakasirika kwamba nimelia.

Yule mwanamke wa kufua hakunikasirikia. Nadhani nilimfurahisha. Kila siku alipita, akinirushia maneno kutoka jiweni.

"Mama wa milimani! Umefiwa?"

"Hapana."

"Umeachika?"

"Kwa umri huu?"

"Basi umeua," akasema, akacheka, akaendelea kuparua magamba ya samaki wake, mgebuka. Niliingia ndani.

Siku ya nane alikuja na dumu la mawese, zawadi. Aliingia kama watu wa kule wanavyoingia, anaita hodi huku yupo tayari katikati ya nyumba. Akatafuta cha kumiminia, akaiona chupa dirishani.

"Nikuwekee humu?"

Alikuwa ameshaishika, ameanza kuzungusha kifuniko. Nilimpiga. Nilimpiga kibao cha mkononi kwa nguvu zangu zote, dumu likaanguka, mawese yakatapakaa mekundu sakafuni mpaka mlangoni. Nilidhani atanirudishia, na alikuwa na mikono ya kunivunja. Badala yake aliisugua sehemu iliyouma, akavuta kigoda kilicholowa mafuta, akakikalia.

"Haya," akasema. "Sema."

Nilisema yote. Mpaka kinu nilichopanda, mpaka kelele nilizopiga. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kuhusu chupa. Nilipomaliza nikasema ile kauli yangu: hakupiga makofi.

Hakuijali. Pengine huko kwao haina uzito. "Mwenyewe yu hai?" akauliza.

"Alikuwa hai alipopakiwa."

"Nakuuliza leo."

"Sijui."

"Mwezi mzima hujui?" Alinyanyuka, nguo yake nyuma nyekundu kwa mawese. "Sasa hapa unapumzika nini?"

Nilimpigia simu mume wangu jioni hiyo. Akasema mtu yuko hai, bado yuko hospitali, taya limefungwa, haongei. Ndugu zake wamepatikana, shangazi yake anamuuguza, watu wa asili ya Burundi lakini raia siku nyingi, wanalima huko upande wa pili wa wilaya. Mwenyekiti amekwenda kuwaona kuwaeleza kwamba kijana aliingia uwanjani bila salamu, nao wamenyamaza.

"Usije," akasema. "Mambo yanapoa."

"Wewe nenda kapoe," nikamwambia, nikakata.

Nilichemsha maji, nikayapoza, nikaijaza ile chupa. Sijui kwa nini sikuijaza soda au maziwa. Alikuja na chupa tupu iliyofunguliwa, maji ndiyo aliyokuja kuomba, mjinga gani haoni hilo? Mimi niliona siku ile ile. Ndiyo maana niliificha.

Basi la Kasulu lilijaa, na la kwenda Kibondo likajaa zaidi. Tulipita msituni kwetu saa sita mchana, pale pa gogo. Sasa ni lami, pamefyekwa, kuna kijumba cha kuuzia asali. Mtoto kwenye kiti cha mbele alikuwa anakula hindi la kuchoma na kunitemea makapi. Nilishika bega langu mpaka tukapita. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitasema: nimekuja kukuona, ndugu yangu. Nitasema: ni mimi mwenye lile shamba. Nitasema pole. Mwishoni, ikibidi, nitasema pia kwamba hatukusalimiana, na kwamba hofu ni hofu. Hilo la mwisho nililipanga vizuri kuliko mengine.

Wodi ya wanaume ilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu na ndizi za kuchemsha. Nesi alininyooshea kidole kitanda cha mwisho. Mama mmoja mfupi, kilemba cha bluu, alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda akipoza uji kwa kuumimina kikombe hadi kikombe. Juu ya kitanda alilala mtu. Jicho moja lilikuwa limefumba moja kwa moja, ngozi imeshuka juu yake. Pua ilikuwa imelala upande. Mdomo ulifungwa kwa waya, mrija wa soda umepenyezwa pembeni. Jicho lililobaki lilikuwa linanitazama.

Sikuweza kwenda karibu. Nikafanya ambacho miguu na mikono yangu inajua kufanya bila mimi: niliweka begi chini, pale mlangoni, nikakunja viganja, nikapiga makofi. Mara tatu, polepole. Nikangoja.

Yule mtu alitoa mkono wake wa kulia chini ya blanketi. Aliuinua kwa shida. Akaushusha juu ya paja lake.

Pa. Pa. Pa.

Bapa, nzito, ingawa blanketi liliimeza kidogo. Wagonjwa wa jirani hawakugeuka hata. Mimi nilijishika kwenye mlango.

"Amekujibu, mama, karibu sana," akasema shangazi yake, uso umechangamka kidogo, mtu ambaye hajapata mgeni siku nyingi. "Ni hivyo anavyopiga, usimshangae. Nyoka ilimuuma akiwa mtoto, wakamkata mkono hospitali. Mama yake akamwambia, usije ukaingia kwa watu bila makofi kwa sababu ya mkono, una paja. Kwetu wote tunamjua kwa hilo. Mwiriwe, mama, habari za mchana. Unatoka wapi?"

Nilikuwa nimeitoa chupa kwenye begi bila kujijua. Nilimwona yule mtu akiiona. Aliitazama kamba ya katani, kisha akanitazama mimi, na jicho lake likabaki kwangu. Alikuwa amenijua.

"Mimi ndiye mwenye nyumba," nikasema. Sauti yangu, ile ya kuita shule nzima, ilitoka ndogo. "Mimi ndiye niliyepiga yowe."

Shangazi aliweka vikombe chini. Alichukua muda kuviweka, kimoja kikawa kinamwagika naye anakishikilia. Nilitamani anirukie. Nilitamani anivute nywele, anipige kwa kikombe, wagonjwa wote washuke vitandani wamsaidie. Hakunyanyuka.

"Walikuja hapa wakatuambia hakupiga makofi," akasema. Alisema taratibu, Kiswahili chake chenye Kirundi ndani, na kila neno likanifikia. "Mimi nikasema, huyu mtoto? Hawezi. Wakasema ndivyo alivyosema mwenye nyumba. Nikanyamaza, nikasema labda alichoka, labda alisahau. Mama, uniambie wewe. Hukumsikia?"

Ile sentensi niliyoipanga kwenye basi ilikuwa tayari mdomoni. Ilikuwa hata nzuri. Yule mtu aliweka mkono wake tena juu ya paja, akauacha hapo, akangoja.

"Nilimsikia," nikasema. "Yote matatu."